Monita ya Gemu kwa Pesa Kidogo: Ushauri kwa Mnunuzi wa Ifakara

Mpunga ukishauzwa, kijana wa Ifakara, Mang'ula au Mlimba anayependa gemu huanza kuulizia monita kubwa yenye picha kali. Kabla hujauliza bei, tazama kwanza mashine utakayoichomeka. Hiyo ndiyo itakayoamua kama pesa yako imefanya kazi au imekaa bure ukutani.

Picha ya monita imeundwa na nukta ndogo za mwanga, yaani pikseli. Monita ya 1080p ina pikseli 1920 kwa 1080, jumla yake zaidi kidogo ya milioni 2. Ya 1440p ina karibu milioni 3.7, na ya 4K ina karibu milioni 8.3, mara nne ya ile ya kwanza. Gemu inapochezwa, nukta zote hizo huchorwa upya makumi ya mara kila sekunde. Sasa kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwetu ni mitumba ya ofisini, aina ya Dell OptiPlex na nduguze, zisizo na kadi ya grafiki ya kujitegemea. Ukiiunganisha na monita ya 4K, filamu zitapendeza, lakini gemu itakwamakwama mpaka uishushe ifanane na ya 1080p. PlayStation 4 ya kawaida nayo hutoa 1080p na haizidi hapo, hata monita iwe ya bei gani.

Kwa mashine hizo mbili, nunua monita ya inchi 24 ya 1080p na usione umepungukiwa. Ukikaa karibu, kama tunavyokaa mezani, picha yake hutulia. Usikubali kuuziwa ya inchi 27 yenye 1080p ileile kwa sababu tu ni kubwa: pikseli ni zilezile, zimetawanyika, na maandishi huanza kuonekana yamekatikakatika. Inchi 27 inaifaa 1440p, na hiyo mwachie mwenye kadi ya grafiki ya kueleweka au PS5, ambayo iliongezewa uwezo wa 1440p mwaka 2022.

Kuna pia hezi, yaani idadi ya mara ambazo monita hubadilisha picha kwa sekunde. Kwa gemu za mpira, hezi 60 au 75 zinatosha. Hezi 144 zina faida kubwa kwenye gemu za kufyatuliana risasi na mbio za magari, mradi kompyuta yenyewe iweze kutoa picha kwa kasi hiyo. Kioo chagua cha IPS: rangi zake hazigeuki mkiwa mmekaa watatu mbele ya monita moja, jambo la kawaida majumbani kwetu.

Wengi hukwama kwenye waya. OptiPlex nyingi zina tundu za DisplayPort na VGA, hazina HDMI. Monita yenye DisplayPort itakuepusha na adapta, maana adapta nyingi za bei rahisi huishia 1080p. HDMI ya zamani, toleo la 1.4, hupeleka 4K kwa hezi 30 tu, na hiyo haifai gemu. Mwulize muuzaji tundu zilizopo, kisha zitazame kwa macho yako.

Ukinunua mtumba Kariakoo au Morogoro mjini, usilipe kabla haijawashwa. Nenda na flashi yenye picha tupu za rangi nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na bluu, uzifungue moja moja kwenye kompyuta iliyounganishwa na monita hiyo, zijaze kioo. Nukta iliyokufa, mstari au doa la mgandamizo vitajitokeza. Iache iwake kama dakika 20, kwani hitilafu nyingine hungoja joto. Hakikisha ina adapta yake ya umeme na stendi yake, kisha dai risiti ya EFD. Kutoka Dar es Salaam hadi Ifakara ni safari ndefu ya basi. Boksi lisimame wima, na mzigo mwingine usiegemee upande wa kioo.

Mabwawa ya Kidatu, megawati 204, na Kihansi, megawati 180, yapo jirani zetu, hata hivyo umeme wa majumbani hukatika na kurudi kwa kishindo. Kishindo hicho huweza kuua bodi ya umeme ya monita. Tenga sehemu ya bajeti yako kwa stabilaiza, na radi za masika zikianza chomoa plagi kabisa. Kuzima kwa swichi ya monita hakutoshi. Usiiogope LUKU: monita ya LED ya inchi 24 hutumia kama wati 25, hivyo ukicheza saa 4 kila siku, mwezi mzima ni uniti 3 tu. Kati ya monita ya 4K bila stabilaiza na ya 1080p yenye stabilaiza, chukua ya pili.