Viti Vitatu, Wilaya Saba: Seneta wa Magharibi Anapatikanaje?



Mwulize mwanafunzi yeyote hapa Cyangugu jinsi Rais anavyochaguliwa, atakujibu mara moja. Mwulize seneta wake ni nani na alichaguliwa na nani, wengi wetu tutasita. Kuuliza si ujinga, kwa hiyo somo la leo ni hilo.

Seneti imepangwaje?

Bunge la Rwanda lina mabaraza mawili: Baraza la Wabunge na Seneti. Seneti ina maseneta 26. Kati yao, 12 huchaguliwa katika majimbo manne na Mji wa Kigali, 8 huteuliwa na Rais wa Jamhuri, 4 hutoka katika jukwaa la vyama vya siasa, na 2 hutoka vyuo vikuu: mmoja wa vyuo vya umma, mmoja wa vyuo vya binafsi. Angalau asilimia 30 lazima wawe wanawake. Mgombea awe ametimiza miaka 40. Zamani seneta alikaa miaka 8 bila kurudia. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2015 anakaa miaka 5, na anaweza kuongezewa muhula mmoja.

Wale 12 hawachaguliwi na raia moja kwa moja. Wanaowapigia kura ni wajumbe wa Njyanama za wilaya pamoja na viongozi wa Njyanama za sekta. Hivyo ndivyo ilivyokuwa tarehe 16 Septemba 2024. Kesho yake wahadhiri wakawachagua maseneta wa vyuo vikuu. Sisi wanafunzi hatumo katika kura hiyo.

Cyangugu ilipokuwa na kiti chake

Seneti ilipoanza mwaka 2003, nchi ilikuwa na majimbo 12, Mji wa Kigali ukiwa mmojawapo, na kila moja lilitoa seneta mmoja. Cyangugu lilikuwa jimbo, likawa na wake. Mwaka 2006 majimbo yakaunganishwa. Cyangugu, Kibuye na Gisenyi, pamoja na sehemu ya Ruhengeri, yakawa Jimbo la Magharibi. Leo jimbo hilo lina viti 3 na wilaya 7: Rusizi, Nyamasheke, Karongi, Rutsiro, Rubavu, Nyabihu na Ngororero.

Hapa ndipo tulipoingia katika jimbo lenye viti vingi. Faida yake ipo: seneta hawi wa mtaa mmoja, anatazama jimbo zima, na wapiga kura wana nafasi ya kuchanganya wanaume na wanawake, watu wa kusini na wa kaskazini. Hasara yake nayo ipo: viti 3 havigawanyiki kwa wilaya 7. Wilaya nyingine zitakosa mwenyeji Senetini, na kila seneta anaweza kudhani jambo la Bugarama litashughulikiwa na mwenzake.

Miji je?

Kwa sensa ya 2022, Jimbo la Magharibi lilikuwa na watu 2,896,484. Tukigawa kwa viti 3, kila seneta ana watu kama 965,000. Mji wa Kigali ulikuwa na watu 1,745,555, na una kiti 1 tu. Kwa hesabu hiyo ni sisi tulio mbali tuliopendelewa, wala si mji mkuu.

Jirani zetu ng'ambo ya mto Ruzizi wamefanya kinyume. Kule Kongo kila mkoa una maseneta 4, hata Kivu Kusini ambao makao yake makuu, Bukavu, tunayaona kutoka hapa. Lakini mji wa Kinshasa peke yake una 8. Wanaowachagua ni wabunge wa mkoa. Baada ya uchaguzi wa Machi 2019 palitokea madai makubwa ya kununua kura, hata Rais Tshisekedi akasimamisha kwa muda kuapishwa kwa maseneta. Wapiga kura wakiwa wachache, kila kura inakuwa na bei kubwa mbele ya mwenye nia mbaya.

Mbali zaidi, jimbo la Australia Magharibi lilikuwa na kanda 6 za uchaguzi wa baraza la juu, kila kanda viti 6. Kanda 3 zilikuwa za mji wa Perth. Mji huo wenye takriban robo tatu ya wapiga kura ulipata nusu tu ya viti. Mwaka 2021 sheria ikafuta kanda zote, na mwaka 2025 wajumbe 37 wakachaguliwa na jimbo zima kama eneo moja.

Funzo kutoka Aqaba

Katika Sira tunasoma kwamba kwenye Baia ya pili ya Aqaba, Mtume (s.a.w.) aliwaambia watu wa Madina wamtolee wasimamizi 12 kutoka miongoni mwao. Walitoka 9 wa Khazraj na 3 wa Aws, na Khazraj ndio waliokuwa wengi pale. Hatusemi kuwa ile ilikuwa seneti. Tunachojifunza ni kwamba wale 12 walitolewa na watu wao wenyewe, na kila mmoja aliwajibika kwa watu anaojulikana nao.

Hilo ndilo linalotuhusu. Idadi ya viti peke yake haitoshi. Kiti cha pamoja kina faida pale tu wenye kiti wanapomjua aliyepiga kura kwa niaba yao, na wanapomwuliza. Kwetu, huyo ni mjumbe wa Njyanama, na mlolongo wake unaanzia kwenye uchaguzi wa kijijini. Anayepuuza uchaguzi wa kijiji amekwisha kupuuza Seneti bila kujua. Kura ni amana, na amana haianzi Kigali.

Maswali ya darasa

1. Taja mjumbe mmoja wa Njyanama ya wilaya yako. Ulimjuaje?
2. Viti vigawanywe kwa idadi ya watu, au maeneo ya mbali yaongezewe? Toa hoja zako kwa kutumia Kigali na Kinshasa.
3. Ungekuwa mpiga kura wa Jimbo la Magharibi, ungehakikishaje kwamba wilaya zisizo na mwenyeji Senetini hazisahauliki?

Wabillahi tawfiq.