Somo: Jiko la Moshi

Ndugu, labda utajenga jiko jipya wakati wa kiangazi. Lakini mtoto wako anavuta moshi leo. Moshi wa kuni unaumiza macho, tena unaleta homa ya mapafu kwa watoto wadogo. Basi usingoje.

1. Toboa dirisha juu ukutani, karibu na paa, moshi utoke.
2. Pika kwa kuni kavu, na kufunika chungu.
3. Usimbebe mtoto mgongoni ukipika.
4. Zungusha mafiga kwa ukuta mfupi wa udongo. Mtoto akiungua, mmwagie maji safi ya baridi dakika 20, kisha mlete hospitalini. Usipake mafuta.

Baba, kutoboa dirisha ni kazi yako. Soma 1 Timoteo 5:8.

Ulizo: Nani anavuta moshi nyumbani mwako?