Ukuaji wa Mtoto Aliye Tumboni: Vipimo Unavyostahili Kuvifahamu

Mtoto aliye tumboni hawezi kuwekwa kwenye mizani. Ukuaji wake hukadiriwa. Katika somo hili tunaeleza vipimo vinavyotumika na mipaka ya kila kimoja, ili mama mjamzito na familia yake wajue huduma wanayostahili kupata.

Kwa nini ukuaji hupimwa

Mtoto anayezaliwa akiwa na chini ya gramu 2,500 huhesabiwa kuwa na uzito pungufu. Wapo walio wadogo kwa maumbile tu, na afya yao ni njema. Wengine hudumaa kwa sababu kondo la nyuma haliwafikishii chakula na hewa ya kutosha. Shinikizo la damu, malaria, upungufu wa damu na uvutaji wa sigara huongeza hatari hiyo. Mtoto aliyedumaa akigunduliwa mapema hufuatiliwa kwa karibu na kuzalishwa kwa wakati unaofaa. Asipogunduliwa, aweza kufia tumboni.

Umri wa mimba

Huu ndio msingi wa vipimo vyote. Anza kliniki mapema, ukiikumbuka siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kipimo kimoja cha ultrasaundi kabla ya wiki ya 24, kwa kuwa hukadiria umri huo vizuri zaidi mimba ikiwa changa.

Utepe

Kuanzia wiki ya 24, mhudumu hupima kwa utepe kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi. Idadi ya sentimita hukaribiana na idadi ya wiki: mimba ya wiki 30 huwa na kimo cha takriban sentimita 30. Kimo kikipungua kwa sentimita 3 au zaidi, au kisipoongezeka, uchunguzi zaidi unahitajika. Hata hivyo unene wa mama, mapacha, uvimbe au mlalo wa mtoto huweza kupotosha kipimo hiki.

Ultrasaundi

Mtaalamu hupima kichwa, tumbo na mfupa wa paja la mtoto, kisha hukadiria uzito. Makadirio hayo huweza kukosea kwa asilimia 10 au zaidi. Kwa hiyo picha moja huonyesha ukubwa tu; ukuaji hujulikana kwa kulinganisha vipimo viwili vilivyopishana kwa wiki mbili au zaidi. Penye mashaka, hupimwa pia mtiririko wa damu katika kitovu.

Picha iliyopigwa kwa ajili ya kujua jinsia si kipimo cha ukuaji. Vivyo hivyo, kusikia mapigo ya moyo kwa kifaa cha nyumbani hakuthibitishi kwamba mtoto anakua.

Maswali ya kuuliza kila hudhurio

1. Kimo cha mimba yangu leo ni sentimita ngapi, na kimeandikwa kwenye kadi?
2. Kimeongezeka kiasi gani tangu hudhurio lililopita?
3. Ikiwa kimepungua, nitapimwa wapi na lini?

Itunze kadi yako na uende nayo katika kila kituo, maana bila kipimo cha awali hakuna cha kulinganisha. Na mtoto akipunguza kucheza, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo.