Jarida linataka dola 350, nilipe?

*Shikamoo Shangazi. Ninasoma shahada ya uzamili ya sayansi ya chakula, Morogoro. Nimepima sumukuvu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vijijini Kondoa, na chuo hakiniruhusu kuhitimu bila makala iliyochapishwa. Nimepata baruapepe ya jarida moja la kimataifa: nikilipa dola 350, makala inatoka ndani ya siku tano na dunia nzima itaisoma bure. Msimamizi wangu anasema wengi wamepitia hapo hapo. Mama yuko tayari kunikopea kwenye kikoba. Lipo jarida jingine linaloheshimika, halinitozi kitu, ila wasomaji ndio wanaolipia. Mimi nataka watu wa Kondoa waisome. Nifanyeje? – Mwana wa Kondoa*

Marahaba, mwanangu. Mwambie mama hela za kikoba aziache zilipo.

Nimeisoma hiyo baruapepe uliyoniambatishia. Inakuita Profesa Mashuhuri, na wewe joho la uzamili bado hujalivaa. Inaisifu makala yako iliyotangulia, wakati hujawahi kuandika nyingine. Jarida lenyewe linapokea uhandisi, ukunga, theolojia na madini, yote kwenye toleo moja. Halafu hizo siku tano! Wahakiki wawili wa kweli, wenye madarasa ya kufundisha na mitihani ya kusahihisha, watakuwa hawajayafikia hata majedwali yako. Anayekuahidi siku tano hana wahakiki. Ana akaunti ya benki tu.

Mwaka 2013 John Bohannon, mwandishi wa jarida la Science, aliwatega wachapishaji wa namna hii. Alitunga makala ya uongo kuhusu dawa ya saratani, yenye kasoro za wazi kabisa, akaipachika jina la mtafiti wa Asmara asiyekuwepo, akaituma kwa majarida huria 304, yaani yanayosomwa bure. Majarida 157 yaliipokea. Wapo waliodaka matokeo hayo na kutangaza kwamba ufikiaji huria wote ni utapeli. Mimi sikubaliani nao. Bohannon aliyajaribu yale yanayotoza ada tu, na PLOS ONE, jarida huria kubwa, liliikataa makala yake.

Sasa tuje kwenye kinachokubana. Umeaminishwa kwamba makala ikisomwa bure, basi lazima mwandishi awe amelipa. Si kweli, na wala haikuanza hivyo. Tamko la Budapest la mwaka 2002, lililoipa harakati ya ufikiaji huria jina lake, lilitaja njia mbili: majarida yaliyo wazi kwa wasomaji, na mwandishi kuweka mwenyewe nakala ya kazi yake kwenye hazina ya kidijitali iliyo wazi. Njia ya pili haina ada, na ndiyo inayokufaa wewe.

Peleka makala kwenye lile jarida linaloheshimika. Ikikubaliwa, utakuwa na nakala tatu mkononi: muswada uliotuma mwanzo, muswada uliosahihisha baada ya maoni ya wahakiki, na ile iliyopangwa kurasa ikawekwa nembo ya mchapishaji. Hiyo ya tatu usiiguse. Ya kati ndiyo utakayoigawa: maneno yale yale, takwimu zile zile, imeshapita kwa wahakiki. Wachapishaji wengi wanaruhusu iwekwe kwenye hazina ya chuo, mara nyingi baada ya kusubiri miezi kadhaa, aghalabu 12. Soma sera ya hakimiliki ya jarida kabla ya kutuma, kisha nenda na faili lako kwa mkutubi. Faili hilo lihifadhi vizuri. Watu wengi hulifuta siku makala inapotoka, halafu wanabaki na nakala wasiyoruhusiwa kuigawa.

Ukipenda jarida huria, kwanza lisake kwenye DOAJ, orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa. Mengi humo hayamtozi mwandishi hata senti. Yanayotoza nayo mara nyingi yana msamaha au punguzo kwa nchi kama yetu, ila uombe wakati wa kuwasilisha, maana makala ikishakubaliwa mengi hayasikilizi tena. Kama mmeandika na wengine, angalia pia nani anabeba jukumu la mawasiliano na jarida: akiwa mwenzenu wa Ulaya, msamaha unaweza kupotea, ingawa huenda chuo chake kina mkataba wa kulipia.

Na ukikutana na makala za wengine unazodaiwa dola 30 na zaidi ili uzisome, muulize mkutubi neno la siri la AGORA, mpango wa FAO unaofungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kilimo na chakula. Ikishindikana, mwandikie mwandishi mwenyewe. Wengi hutuma nakala siku hiyo hiyo, tena kwa furaha.

Watu wa Kondoa ni habari nyingine. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, kwa hiyo una haki ya kutaka wajue ulichokiona. Lakini makala ya Kiingereza, hata ikiwa wazi kiasi gani, haitamfikia mama anayeanika mahindi chini. Andika kurasa mbili za Kiswahili, umpelekee afisa ugani wa kata.

Limebaki la msimamizi. Usimwambie kwamba amekosea, maana bado unaihitaji saini yake. Nenda ofisini kwake na kompyuta, umwombe mfungue pamoja ukurasa wa bodi ya wahariri wa jarida lile, kisha mchague majina mawili na mtafute kama vyuo vyao vinawatambua. Mwache asome mwenyewe. Na kama fomu ya hakimiliki hujaitia saini, usiitie, kwa sababu majarida ya namna hiyo yana tabia ya kudai ada nyingine unapotaka kuiondoa makala yako.