SOMO: Kijana Akitaka Kusoma Historia Chuo Kikuu, Nani Atalipa?



Kila yanapotoka matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari, swali moja huletwa katika matawi yetu, kuanzia viwanda vya Masoro hapa Kigali hata mashamba ya chai ya Mulindi na Kitabi. Mzazi anasema: mtoto wangu amefaulu, lakini amesoma historia na lugha, hakusoma fizikia wala hesabu. Sasa anataka chuo kikuu. Je, serikali italipa? Niuze kipande cha shamba? Au nimwambie aache ndoto hiyo atafute kazi?

Swali hili lina pesa nyingi ndani yake kwa mtu anayelipwa kwa kilo za majani aliyochuma. Kwa hiyo tumeona tulifanye somo la toleo hili. Wengi wetu tuliishia shule ya msingi na mambo ya chuo kikuu tunayasikia kwa mbali, lakini karatasi za chuo zinasomeka kama karatasi za kazi: zina masharti, zina tarehe, na mwisho zina mahali pa kutia sahihi.

Jambo la kwanza ambalo kila mzazi yafaa alijue ni kwamba kukubaliwa na kulipiwa ni mambo mawili mbali mbali. Chuo kinapompa kijana barua ya kumkubali, kinasema tu kwamba alama zake zinatosha na nafasi ipo. Hakisemi nani atalipa. Pesa za serikali zina mlango wao mwingine, fomu zao nyingine, na orodha yao nyingine ya majina. Watu huchanganya hapo. Barua inafika, jirani wanaalikwa, shamba linatiwa rehani ili apatikane mtaji wa safari, halafu orodha ya mikopo inatoka na jina halimo. Tunawasihi wazazi: ardhi isiuzwe kwa sababu ya barua ya kukubaliwa peke yake. Subirini orodha ya pili.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa Butare mwaka 1963 kilikuwa na wanafunzi 51 tu. Aliyeingia alikuwa amebahatika, na neno buruse likaingia vinywani mwetu likiwa na maana ya zawadi. Tusisahau upande wa pili wa enzi hizo. Katika miaka ya 1970 na 1980 nafasi za sekondari na za chuo ziligawanywa kwa kabila na kwa mkoa, na watoto wengi wenye akili walibaki nje ya mlango kwa sababu hiyo tu. Leo hakuna anayeulizwa kabila. Anaulizwa alama, na anaulizwa anataka kusoma nini.

Na hapo ndipo watoto wa masomo ya sanaa wanapobanwa. Serikali imesema wazi kwa miaka mingi kwamba mikopo ya masomo inatangulia kwa sayansi, teknolojia na uhandisi. Historia, fasihi, falsafa, lugha na elimu ya jamii zinafuata nyuma. Si kusema hakuna anayepata. Wapo wanaopata, lakini nafasi ni chache na alama za mtihani ndizo zinazochuja. Kijana wa sanaa aliyefaulu kwa kuponea asijengewe matumaini ya mkopo. Aliyefaulu kwa alama za juu sana aombe, na aombe mapema, asingoje siku ya mwisho ambapo mtandao unakwama na wakala wa Irembo ana foleni hadi barabarani.

Sasa tuuangalie mkopo wenyewe, maana tunaendelea kuuita buruse na jina hilo linatudanganya. Sheria ya mwaka 2015 inausema ni mkopo, na tangu mwaka 2016 Benki ya Maendeleo ya Rwanda, BRD, ndiyo inayoutoa na kuudai. Kijana akipata kazi, mwajiri anatakiwa amkate asilimia 8 ya mshahara wa kila mwezi na kuzipeleka benki hadi deni liishe. Tufanye hesabu. Tuseme binti yako amemaliza, ameajiriwa kwa mshahara wa faranga 250,000 kabla ya makato. Kodi ya mshahara, kwa viwango vilivyoanza mwishoni mwa mwaka 2023, inachukua 39,000. Pensheni, ambayo tangu Januari 2025 sehemu ya mfanyakazi ni asilimia 6, inachukua 15,000. Mkopo wa chuo, asilimia 8 ya mshahara huo, unachukua 20,000. Zimebaki 176,000, na bado hatujatoa makato madogo madogo ya bima. Halafu yapo mambo ya kodi ya chumba, na wadogo zake nyumbani wanaomtazama yeye.

Hatusemi hivyo ili kumtisha mtu. Faranga 20,000 kwa mwezi si kamba ya kujinyongea, na mkopo huu ni afadhali mara nyingi kuliko ule wa mlanguzi wa mtaani. Tunasema ili aingie akiwa anajua. Na akishaanza kukatwa, afanye kama tunavyofanya na michango ya pensheni: aweke kila karatasi ya mshahara, na mara kwa mara aombe BRD taarifa ya deni alinganishe. Pesa iliyokatwa kiwandani isipofika benki, deni linabaki pale pale, na mwenye deni ni yeye, si tajiri wake.

Mkopo unalipa karo, ile ambayo wengi wetu bado tunaiita minerivali, na unatoa posho ya kuishi. Posho hiyo ilipandishwa mwaka 2019 kutoka faranga 25,000 hadi 35,000 kwa mwezi, na imeongezwa tena baadaye. Ulizeni kiwango cha mwaka huu kabla ya kupiga hesabu. Hata hivyo msiitegemee peke yake. Tangu mwaka 2013, taasisi saba za serikali zilipounganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda, masomo ya sanaa na jamii yana makao yake Huye, yaani Butare yetu ya zamani, kiasi cha kilomita 130 kutoka hapa. Mtoto wa Nyamirambo hawezi kulala kwao akasome kule. Anahitaji chumba, godoro, sufuria, nauli ya likizo. Kwa maoni yetu gharama hizi ndogo ndogo ndizo zinazowarudisha vijana nyumbani katikati ya mwaka, kwa sababu karo huwa imeshapangiwa lakini chakula cha mwezi wa tatu hakuna aliyekifikiria. Familia ianze na hesabu hiyo. Mfuko wa kina mama wa ikimina, au akiba ya polepole katika Umurenge SACCO, unafaa zaidi kwa chakula na chumba kuliko kwa karo.

Je, asiyepata mkopo afanyeje? Njia ya kwanza ni kujilipia. Chuo cha serikali kinapokea pia wanaojilipia, na vipo vyuo vya binafsi. ULK, yaani Chuo Kikuu Huru cha Kigali kilichoanza mwaka 1996, kimejulikana tangu zamani kwa masomo ya jioni, na wafanyakazi wengi wa mji huu walisoma hivyo, mchana kazini na usiku darasani. Lakini kabla ya kulipa hata faranga moja, ulizeni Baraza la Elimu ya Juu, HEC, kama chuo hicho na somo hilo vinatambuliwa. Mwaka 2020 Wizara ya Elimu ilifunga vyuo vikuu vitatu vya binafsi katika muda mfupi, kimojawapo kule Kibungo, na wanafunzi waliokuwa wamelipa wakalazimika kutafuta pengine pa kumalizia. Tangazo kubwa barabarani si kibali.

Njia ya pili ni ualimu, na sisi tunaipenda kwa sababu inampa kijana wa sanaa kazi inayojulikana. Chuo cha Elimu cha Chuo Kikuu cha Rwanda kipo Rukara, wilaya ya Kayonza, na kinaandaa walimu wa sekondari, wa historia na wa lugha pia. Mshahara wa mwalimu ulikuwa kichekesho kwa miaka mingi. Mwaka 2022 serikali iliongeza asilimia 88 kwa walimu wenye cheti cha sekondari na asilimia 40 kwa wenye diploma na digrii. Bado si utajiri, ila si kichekesho tena. Wasomaji wa ukurasa huu wakumbuke pia kwamba Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, baada ya nchi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mtoto wa Biryogo aliyechekwa shuleni kwa kusema Kiswahili cha nyumbani ana mtaji ambao wengine wanautafuta.

Kwa habari ya karatasi tutasema kwa kifupi. Anayeomba anatakiwa awe amefaulu walau masomo makuu mawili katika mtihani wa mwisho wa sekondari. Awe na kitambulisho na cheti au matokeo kutoka NESA, mamlaka ya mitihani. Jina katika cheti na jina katika kitambulisho viwe sawa herufi kwa herufi. Kama havifanani, ashughulikie sasa, wala asingoje wakati wa maombi. Aliyesoma Kongo, Burundi, Uganda au Tanzania, nao ni wengi miongoni mwa wasomaji wetu, anahitaji kwanza hati ya ulinganisho inayosema cheti chake kina uzito gani hapa Rwanda. Jambo hilo huchukua muda, na diploma ya serikali ya Kongo haiwezi kuruka hatua hiyo hata ikiwa na alama nzuri namna gani. Tena, tangu uamuzi wa mwaka 2008, masomo ya chuo hufundishwa kwa Kiingereza. Fundi wa miaka 35 aliyesoma kwa Kifaransa na sasa anataka kurudi darasani atumie miezi kadhaa kunoa Kiingereza kabla ya kulipa ada ya kwanza. Na mtu yeyote anayejitolea kukuuzia nafasi ya chuo au jina katika orodha ya mikopo ni mwizi.

Tumesikia wenzetu wakisema: ya nini taabu yote hii kwa historia? Afadhali ajifunze kuchomelea vyuma. Kuchomelea ni kazi njema, na kijana anayeipenda akaifanye. Lakini tutazame nchi yetu. Mahakama za Gacaca zilimaliza kazi mwaka 2012, zikaacha mamilioni ya kurasa zilizoandikwa kwa mkono. Nani atazisoma, azipange, azilinde zisiliwe na mchwa wala kupotoshwa na waongo? Ile mahakama ya kimataifa ya Arusha, iliyofanya kazi kutoka 1994 hadi 2015, isingesikia shahidi hata mmoja wa kijijini bila mkalimani aliyejua Kinyarwanda hadi ndani. Hizo ni kazi za watu wa historia na lugha. Na katika chama chetu wenyewe, kila tukikaa mezani na mwajiri, anakuja na mtu aliyesomea kusoma sheria na kuandika hoja. Sisi mara nyingi tunakuja na kumbukumbu za kichwani. Mtoto wa mchuma chai mwenye digrii ya sanaa akikaa upande wetu wa meza, mazungumzo hayo yatakuwa mengine.

Kwa mfanyakazi mwenyewe anayetaka kusoma jioni, tunashauri aongee na tawi kabla hajajiandikisha. Zamu ndiyo humshinda mtu wa kiwandani, maana darasa la saa kumi na mbili jioni halimngoji aliyepangiwa usiku wiki hii na mchana wiki ijayo. Mkataba wa pamoja ukifanyiwa mazungumzo upya, suala la zamu za wanaosoma linaweza kuwekwa mezani pamoja na mishahara, na ni rahisi kwa mwajiri kulikubali kwa sababu halimgharimu mengi. Kinachotakiwa ni majina. Tawi lenye wafanyakazi sita waliokwisha kukubaliwa chuoni lina hoja. Tawi linalosema tu kwamba elimu ni nzuri halina.

Aliyepata fomu ya mkopo na hajaielewa ailete ofisi ya tawi kabla ya kutia sahihi, si baada. Tutaisoma pamoja kifungu kwa kifungu: kiasi cha karo, kiasi cha posho, riba, siku ya kuanza kulipa, na yatakayompata akihama nchi au akikosa kazi. Aje na kijana mwenyewe, maana deni ni la kijana, na yeye ndiye anayepaswa kuuliza maswali.