Mfumo wa Ujengaji na Msimamizi wa Vifurushi: Suala la Programu Kujengeka Vilevile

Makala haya yanatofautisha dhana mbili ambazo mara nyingi huchanganywa katika mijadala ya istilahi za kompyuta. Mfumo wa ujengaji huongoza kazi ya kuugeuza msimbo chanzo kuwa programu inayotumika. Mfano mkongwe ni Make, iliyobuniwa na Stuart Feldman katika maabara za Bell mwaka 1976. Msimamizi wa vifurushi, kama vile apt ya Debian, huleta programu iliyokwisha kujengwa kwingine, pamoja na zile inazozitegemea.

Je, watu wawili wakiujenga msimbo uleule, watapata faili lilelile, baiti kwa baiti? Aghalabu hawapati. Programu nyingi hujiandikia tarehe ya kujengwa kwake, mithili ya mnakili wa utenzi atiaye tarehe yake mwishoni mwa muswada. Mhakiki wa miswada anaijua adha hii: nakala zinapohitilafiana, ni vigumu kubaini tofauti ipi ni ya bahati na ipi imepenyezwa kwa makusudi.

Tuchukulie shule iliyoko Kaikor, kaskazini mwa Turkana, inayoletewa programu kwa diski mweko kutoka Lodwar. Sahihi ya kidijitali itathibitisha kwamba kifurushi kimetoka kwa mtoaji anayejulikana. Haithibitishi kwamba kilichomo kimetokana na msimbo uliochapishwa. Na Ken Thompson alikwisha kuonyesha mwaka 1984 kwamba kikusanyi kilichochezewa chaweza kupandikiza hila isiyoonekana popote katika msimbo. Lakini iwapo wajengaji wa Nairobi na Kampala, kila mmoja kwa mashine yake, wamepata alama moja ya SHA-256, mwalimu wa Kaikor anao ushahidi. Alama hiyo ina herufi na tarakimu 64 tu: yaweza kufika kwa ujumbe mfupi wa simu, hata kwa karatasi.

Make haijali ni toleo gani la kikusanyi limo katika mashine. Nix, iliyoanzishwa na Eelco Dolstra nchini Uholanzi mwaka 2003, iliziunganisha kazi hizo mbili: anwani ya kila kifurushi hukokotolewa kutokana na vyote vilivyotumika kukijenga, kikusanyi kikiwemo. Hata hivyo, kuvijua viungo vyote si kuhakikisha chakula kitaiva vilevile. Ndiyo maana tangu mwaka 2013 wanamradi wa Debian wamekuwa wakizisaka tofauti, kifurushi baada ya kifurushi. Na mwaka 2015 kikapatikana kigezo SOURCE_DATE_EPOCH, ambacho huipa programu tarehe ya chanzo badala ya ile ya saa ya mashine.