Mawe ya Maili: Mafunzo Niliyopata Kando ya Barabara za Zamani

Nimezaliwa Maili Sita, kando ya barabara ya Moshi kwenda Arusha. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza babu: sita kutoka wapi? Akanijibu, "Kutoka mjini, mjukuu wangu." Nikamuuliza tena, mjini sehemu gani, sokoni au stesheni? Hakuwa na jibu. Swali hilo nililisahau kwa zaidi ya miaka 30, mpaka kazi iliponipeleka Cambridge, Uingereza, nikaanza kutembea kila Jumamosi kwenye barabara ya zamani inayotoka mjini humo kuelekea kusini. Inapita Trumpington, Hauxton, Newton, Fowlmere na Barley, hadi kijiji cha Barkway. Kando yake yamesimama mawe 16, moja kila maili. Mwanzo nilikuwa nikiyatembelea peke yangu. Baadaye nikajiunga na wazee wachache wa vijijini wanaojitolea kuyafyekea nyasi. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Uliza kwanza maili zinahesabiwa kutoka wapi

Mawe ya barabara ya Barkway yanahesabiwa kutoka kanisa la Great St Mary's, katikati ya Cambridge. Karibu na mlango wa magharibi wa kanisa hilo, kwenye ukuta wa mnara, kuna alama ya duara. Watu hupita hapo kutwa na baiskeli zao bila kuitazama, na mimi nilipita hivyo hivyo kwa miezi. Siku nilipoonyeshwa, nilisimama mbele ya ukuta ule nikamkumbuka babu. Swali langu la utotoni lilikuwa swali la maana, na huko lilijibiwa kwa jiwe.

London haikuwa na jibu moja. Barabara nyingine zilihesabiwa kutoka Hyde Park Corner, nyingine kutoka Hicks's Hall, nyingine kutoka mahali palipoitwa Standard, mtaa wa Cornhill. Kwa hiyo mawe mawili yanayosema London iko maili 10 huenda hayazungumzii London ile ile. Tangu nijue hilo, sisomi namba ya jiwe lolote kabla ya kujua lilianza kuhesabu wapi.

2. Wema wa mtu unaweza kusimama kando ya barabara kwa karne tatu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penzi langu kwa mawe haya lilipoanzia.

Watu wawili, William Mowse na Robert Hare, walikiachia chuo cha Trinity Hall, kimojawapo cha vyuo vya Cambridge, fedha ili mapato yake yatengeneze barabara za mji na za karibu na mji. Hawakuomba sanamu wala jina la jengo. Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwanachuo wa hapo, William Warren, akaamua kwamba barabara iliyotengenezwa vizuri inastahili pia kumwambia msafiri amefika wapi. Mwaka 1725 mawe ya kwanza yakasimikwa, na kufikia 1732 kazi ilikuwa imekamilika. Yanahesabiwa kuwa mawe ya kwanza ya maili ya kweli kuwekwa Uingereza tangu Warumi walipoondoka, yaani baada ya kimya cha miaka 1,300 hivi.

Mawe makubwa yamechongwa mwezi mwandamo, alama ya chuo hicho. Mara ya kwanza nilipouona nilidhani ni kaburi la Mwislamu. Mzee mmoja, fundi uashi mstaafu, akaniambia nipige magoti nilisome jiwe kwa vidole, kwa sababu mvua imekula herufi lakini kidole bado kinazipata. Nilipiga magoti kwenye nyasi zilizolowa, nikazipata moja moja. Msafiri mwenye farasi aliyechoka, usiku wa baridi, bila shaka naye aliwahi kulipapasa vile vile ajue bado maili ngapi. Aliyemlipia faida hiyo alikuwa amekufa kabla yeye hajazaliwa.

3. Hata maili ilibidi watu wakubaliane

Nilidhani maili ni maili. Kumbe kwa muda mrefu kila eneo la Uingereza lilikuwa na maili yake ya mazoea, na nyingi zilikuwa ndefu kuliko ya leo. Sheria ya mwaka 1593, enzi za Malkia Elizabeth wa Kwanza, ndiyo iliyotaja maili ya futi 5,280, lakini vijijini watu waliendelea na zao. John Ogilby alipochapisha kitabu chake cha ramani za barabara mwaka 1675, ramani 100, alitumia maili ya sheria, na watu wake walipima njia kwa gurudumu la kusukuma kwa mkono. Magurudumu ya aina hiyo yaliyokuja kuenea yalikuwa na mzingo wa futi 8 na robo, kwa hiyo yakizunguka mara 640 maili imetimia. Mtu alitembea nchi nzima akihesabu mizunguko. Ninapoona namba kwenye jiwe sasa, naona miguu ya mtu yule.

4. Barabara ikilipiwa, jiwe huwa ushahidi

Katika karne ya 18 barabara nyingi kuu ziliwekwa chini ya bodi za wadhamini, zilizotoza ushuru kwenye mageti na kutumia fedha hizo kwa matengenezo. Kuanzia 1767 bodi zote zililazimishwa na sheria kuweka alama za maili. Mpandaji alilipa, akapata haki ya kujua amesafiri umbali gani. Wenye magari ya kukodisha walidai nauli kwa maili, na posta nayo ilitoza barua kwa umbali hadi 1840. Bila jiwe, kila safari ingeishia kwenye ubishi. Bodi ya mwisho ilifungwa mwaka 1895. Wakati huo barabara kuu zilikuwa zimeanza kuangukia mikononi mwa mabaraza ya kaunti.

5. Jiwe la mpaka linamtaja mwenye wajibu

Nilipoanza sikutofautisha jiwe la maili na jiwe la mpaka. La maili humsemesha msafiri. La mpaka husema na wenyeji, tena husema jambo zito zaidi: kuanzia hapa, shimo la barabarani ni juu yako.

Safari moja huko Devon nilikuta si mbali na daraja jiwe fupi lenye herufi moja tu, C. Nililizunguka mara mbili nikitafuta namba. Maana yake ni kaunti. Sheria ya Mfalme Henry wa Nane, ya mwaka 1531, iliipa kaunti jukumu la kutengeneza daraja pamoja na futi 300 za barabara kila upande, kama mita 91. Zaidi ya hapo kazi ilikuwa ya parokia, ambako wanakijiji wenyewe walitakiwa kutoa siku zao za kuchimba na kubeba kokoto. Herufi moja, na chini yake kuna jasho la watu na hoja za mahakamani.

Mipaka ya parokia ilitunzwa pia kwa miguu. Siku chache kabla ya Sikukuu ya Kupaa, watu waliuzunguka mpaka pamoja na kasisi, watoto wakiyachapa mawe kwa fimbo. Zamani hata watoto wenyewe waligongwa kwenye jiwe ili wasilisahau maisha yao yote. Sipendi mtoto kuumizwa, lakini nia yao naielewa. Huko juu mlimani kwetu, mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, huwekwa kwa mimea iitwayo masale. Babu alinishika mkono akanipitisha isale baada ya isale, akitaja jirani wa kila upande. Kwa Wachaga jani hilo hilo la isale ndilo mtu huchukua anapokwenda kuomba msamaha, kwa hiyo anayeling'oa mpakani ameng'oa vitu viwili. Torati nayo inamlaani anayesogeza alama ya mpaka ya jirani yake. Siku hizi tuna bikoni za zege, na kesi za bikoni zilizong'olewa usiku tunazijua. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni ule mkono wa babu: kumpitisha mtoto mpakani mchana, mbele ya majirani wote.

6. Hofu hufuta haraka kuliko mvua

Mwaka 1940 Waingereza waliogopa kwamba jeshi la Ujerumani lingevuka bahari. Ili adui asijue alipo, vibao vya njia viling'olewa, na mawe mengi ya maili yakafukiwa au majina yake yakafutwa kwa patasi. Vita vilipokwisha mengine yalirudishwa. Mengine hayakuonekana tena, kwa sababu waliokumbuka yalikofukiwa hawakuandika popote.

7. Majani marefu ni adui, na mashine ya kuyafyeka pia

Msimu mmoja wa kiangazi tulifika kwenye jiwe tulilolizoea, mbali na barabara ya Barkway, tukakuta limevunjika katikati. Mashine ya kufyeka kando ya barabara ilikuwa imepita, na dereva hakuliona ndani ya majani marefu. Nilikasirika kweli. Yule fundi uashi hakukasirika. Alikusanya vipande, akavifunga kwa gunia, akasema kosa lilianza kwetu tulioacha majani yakue mwezi mzima.

Kwake nilijifunza kazi yenyewe. Fyeka kwa mundu, upana wa hatua moja pande zote, kabla mashine hazijaanza msimu wao. Osha kwa maji na brashi laini. Brashi ya waya na dawa za kusafishia hula mchongo. Vaa kizibao kinachong'aa na uelekeze uso yanakotoka magari. Na kubwa kuliko yote, usilihamishe, hata kama ukilipeleka bustanini litapendeza zaidi. Jiwe lililotoka mahali pake linadanganya. Huko Uingereza yamebaki kama 9,000, na tangu 2001 kuna chama cha hiari, Milestone Society, kinachoyaorodhesha moja moja.

8. Jina huishi baada ya jiwe, lakini haliwezi kujibu swali

Nikiwa mbali ndipo nilipogundua utajiri wetu. Kibaha kuna Maili Moja, Dodoma kuna Maili Mbili, Eldoret kuna Maili Nne, na kwetu Maili Sita. Tulihamia kilomita zamani, lakini makonda bado wanaziita maili kila siku, na watoto wanazaliwa humo bila kujua sita ni sita ya nini. Maili sita ni kilomita 9 na mita 656 hivi. Hesabu hiyo yeyote mwenye simu anaweza kuifanya. Lakini simu haitakwambia kipimo kilianzia mlango gani wa mji, wala alama ilisimama upande gani wa barabara. Hayo yako vichwani mwa wazee, na babu yangu alishaondoka na fungu lake.

Ukiona jiwe au nguzo ya zamani kando ya barabara yenu, lipige picha, andika herufi zote hata zisizoeleweka, na upande wa barabara liliposimama. Peleka taarifa ofisi ya kijiji au ya mtaa kabla greda halijafika. Na kama unatoka Maili Sita na mzee wako bado yuko hai, muulize leo hii: jiwe lilisimama wapi?